Dohani Kumi za Schattnach: Historia ya Marehemu Ottilie Kienast

Padri, wafiwa wenzetu, majirani wa upande wa kivuli, na ninyi mliovuka asubuhi hii kutoka Sonnleit, upande wa jua, familia imempa mdogo wa marehemu, Rosina Höll, kazi ya kuwasomea historia ya maisha ya Ottilie Kienast, na kwa kuwa msomaji ana miaka sabini na saba na hajalala vizuri tangu Jumanne, anaomba radhi asome ameketi. Tarehe zote zimelinganishwa na kitabu cha parokia. Limo pia jambo moja ambalo marehemu aliagiza lisisomwe, nalo litasomwa, na anayetaka kukasirika amkasirikie msomaji, asimkasirikie binti wa marehemu, ambaye hana habari na lililoandikwa humu.

Marehemu Ottilie alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1941, katika nyumba namba 9 ya kijiji hiki cha Schattnach, siku arobaini baada ya jua kurudi, akiwa mtoto wa kwanza wa Matthias Scheutz, mchimba chumvi, na Theresia Scheutz, mfua nguo za kanisa, na alibatizwa kesho yake katika kanisa hili hili, kwa maji yaliyopashwa moto jikoni kwa padri kwa sababu yale ya kanisani yalikuwa yameganda. Nyumba namba 9 haina ukuta wa nyuma, jabali ndilo ukuta wake, na marehemu alikua akilala mgongo wake ukigusa mwamba unaotoa jasho la chumvi, jambo alilolitaja maisha yake yote kila alipolaumiwa kwa ukaidi. Mdogo wake alizaliwa mwaka 1945, akapewa kitanda cha upande wa dirisha, na wanaosema kwamba ndiyo maana aliishia kuolewa juani wamelisema vya kutosha, wapumzike.

Alianza shule Septemba 1947 katika shule ya kijiji, darasa moja, watoto ishirini na sita, mwalimu mmoja, Bi Adelgunde Stöger, ambaye aliwafundisha jiografia ya mahali hapa kwa kuwapakia kwenye mashua, kuwapeleka katikati ya ziwa na kuwageuza waitazame nyumbani kwao. Kutoka huko waliona kijiji kizima kwa mara moja, nyumba ishirini na tatu zilizopangwa jabalini kama sahani kwenye rafu, mgodi wa chumvi juu yake, makaburi chini yake yakikaribia kuingia majini, njia moja tu ya miguu ambayo maporomoko ya theluji huifunga tangu Novemba hadi Aprili, na nyuma ya vyote mlima Hochwand, unaotunyima jua kuanzia tarehe 9 Novemba hadi sikukuu ya Bwana kutolewa hekaluni, tarehe 2 Februari, asubuhi themanini na tano ambazo sisi huziita majira ya giza.

Ni katika mashua hiyo ndimo walimofundishwa kanuni ya dohani kumi, ambayo vijana wengi hapa wameisikia nusu nusu, kwa hiyo isomwe kwa ukamilifu. Zamani za kaisari, ofisi ya chumvi iliamua kwamba kijiji kisichofikika kwa nchi kavu wakati wa baridi kitapewa mashua yenye pua ya chuma ya kuvunjia barafu, pamoja na mwendeshaji wake, ili daktari, padri, barua na unga vifike, alimradi dohani zisizopungua kumi ziwe zinatoa moshi kila asubuhi ya majira ya giza, na ofisi ya chumvi ilipokufa, ofisi ya wilaya iliirithi kanuni hiyo pamoja na mihuri na makabati, haikuibadilisha hata nukta. Mwalimu alipomaliza kueleza, Ottilie, mwenye umri wa miaka saba, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na zikiwa tisa?"

"Zikiwa tisa, mwanangu, mtahama."

Alimaliza shule Juni 1955, na tarehe 4 Julai mwaka huo huo aliajiriwa jikoni katika bweni la wachimba chumvi huko juu, mwendo wa saa nzima wa kupanda, ambako alipika madonge ya unga na mchuzi wa maharage kwa wanaume sitini kwa miaka kumi na saba, hadi mgodi ulipofungwa tarehe 30 Septemba 1972. Wenzake wa jikoni wamebaki wawili, wako hapa, nao watashuhudia kwamba hakuwahi kuunguza sufuria na hakuwahi kumwomba mtu msamaha. Baada ya mgodi kufungwa alisafisha kanisa hili, na familia zilizokuwa zikihama moja baada ya nyingine zilimwachia funguo zao, mwanzoni kwa kusema watarudi wakati wa Pasaka, baadaye bila kusema kitu, hata akafikia kuwa na funguo kumi na nne kwenye msumari mmoja.

Tarehe 11 Mei 1963, siku ya Jumamosi, marehemu alifunga ndoa takatifu na Leopold Kienast, mwendeshaji wa mashua ya baridi, mtu mrefu, mpole, na mkweli kupita kiasi, Mungu amrehemu. Mwendeshaji wa mashua ndiye mhesabu wa dohani, na kiapo chake mbele ya wilaya ni kwamba achague mwenyewe asubuhi tatu katika majira ya giza, asimwambie mtu ni zipi, hata mke wake, asimame na mashua katikati ya ziwa saa mbili kamili, ahesabu, aandike na kutia sahihi. Katika ndoa hiyo walijaliwa mtoto mmoja, Hedwig, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1964, ambaye leo ni muuguzi huko Graz, na ambaye kwa miaka ishirini amemtengea mama yake chumba katika nyumba yenye lifti.

Hapa msomaji anaingiza tukio lisilo la ndoa wala la watoto, lakini bila hilo mengine hayaeleweki. Januari 1970, katika kitongoji cha Hinterwinkel, pale kwenye pembe ya ziwa, hesabu ilitoka tisa, msimu uliofuata mashua haikwenda, na Februari 1971 watu wa Hinterwinkel walihama wakiburuta vitanda na makabati juu ya barafu, wakapita hapa, na Ottilie akawapikia supu kwa siku mbili. Mzee mmoja wa kike alikaa pale benchi la nyuma na bakuli lake, akasema kwa sauti ambayo marehemu aliiigiza mara nyingi, "Tulikuwa kumi, jamani. Asubuhi ile niliamka na homa, nikachelewa kuwasha moto. Saa moja tu nilichelewa." Marehemu alimwongezea supu, akaenda sakristia akalia, na mdogo wake, aliyemwona kwa macho yake, hakuwa amewahi kumwona akilia kabla ya hapo, wala hakumwona tena hadi mwaka 2003.

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe. Tarehe 5 Novemba 1978 alifariki mjane Kreszenz Pilz wa nyumba namba 17, na kwa kifo chake nyumba zenye watu wakati wa baridi zikawa tisa. Tarehe 9 Novemba jua lilikwenda zake kama kawaida. Asubuhi hiyo Ottilie alitia makaa ya moto kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, akajitwika kuni mgongoni, akapanda ngazi hadi namba 17, akawasha jiko la marehemu Kreszenz, akashuka, akamtengenezea mume wake chai. Aliendelea hivyo kila siku, na tarehe 22 Novemba, siku ambayo mdogo wake alikuwa amevuka kuleta unga na alikuwa ameketi jikoni kwao, Leopold alirudi kutoka ziwani, akavua kofia, akakaa mezani bila kugusa kikombe.

"Otti, namba 17 inatoa moshi."

"Ndiyo."

"Kreszenz tumemzika juzi tu. Nani yuko mle?"

"Wewe uliapa kuhesabu nini, dohani au watu?"

"Dohani."

"Basi kunywa chai yako, inapoa."

Alikunywa, akatoa karatasi, akaandika kumi, akatia sahihi, na kwa kweli hakuwa ameandika uongo. Marehemu alipoona yamepita salama alimsogelea kwa upole ambao haukuwa wa kila siku, akasema, "Poldl, niambie basi utahesabu tena lini, nisihangaike kila asubuhi bure."

"Siwezi. Nimeapa."

"Mimi si mtu, mimi ni mkeo."

"Ndiyo maana kiapo kimekutaja."

Watu hawa walilala kitanda kimoja kwa miaka arobaini, na kwa miaka ishirini na mitano kati ya hiyo, mmoja alijua ni asubuhi zipi tatu za kuwasha moto, na mwingine aliwasha asubuhi zote themanini na tano. Msomaji amejaribu kumsamehe shemeji yake kwa jambo hili, amejaribu kanisani na amejaribu nyumbani, na leo, akiwa amechoka hivi, anakiri kwamba hajaweza.

Nyumba za kuwashwa ziliongezeka kadiri watu walivyopungua. Mwaka 1986 zilikuwa tatu, mwaka 1998 zikawa tano, mwaka 2013 zikawa nane, na alipohamia Zita Brandl mwaka 2014, mfuma sufu kutoka tambarare za Burgenland ambako hawajui hata jabali ni nini, zikarudi saba, na marehemu alisherehekea kwa kulala nusu saa zaidi. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akapanda na kushuka ngazi mia mbili na kumi na nne, zenye barafu, akiwa na ndoo ya makaa mkono wa kulia na kuni mgongoni, akaondoa jivu la jana, akawasha, akangoja mpaka moto ushike, akafunga mlango, akaenda nyumba ya pili, na saa mbili kamili alikuwa amesimama mlangoni kwake akizitazama juu. Bega la kulia lilishuka, goti la kushoto lilikwisha mwaka 2007, vidole vilipasuka kila baridi na kupona kila kiangazi, na alipoulizwa na daktari alisema ni kazi za nyumbani. Alisema kweli, ila hakusema nyumba ngapi.

Msidhani watu hawakujua. Kijiji kizima kilijua, Sonnleit ilijua, padri wa zamani alijua na alimletea kuni, na sote tuliona aibu kulitaja, kwa sababu anayelitaja angepaswa ama kumkataza ama kumsaidia. Kutojua kulitupunguzia kazi. Aliyekaribia kuharibu ni daktari wa meno kutoka Vienna, ambaye alinunua namba 17 kwa ajili ya likizo za kiangazi, na mwaka 2009 akaziba dohani yake kwa bati ili popo wasiingie, na marehemu, akiwa na miaka sitini na minane, alipanda juu ya paa mwezi Novemba akaling'oa. Agosti iliyofuata daktari alimfuata mlangoni akiwa na suruali fupi na uso mwekundu.

"Bibi Kienast, nani amekuwa akiwasha moto nyumbani kwangu?"

"Mimi. Nyumba isiyowashwa huota ukungu. Nimekuokolea kuta, mwanangu."

"Lakini hukuniomba ruhusa!"

"Na wewe uliponiletea funguo uliniomba nifanye nini, nizitazame?"

Mwaka uliofuata daktari huyo aliacha kuni zilizopasuliwa na kupangwa vizuri chini ya ngazi, pamoja na sanduku la chokoleti, na yuko hapa leo, na familia inamshukuru.

Leopold aliugua mapafu na kufariki tarehe 28 Oktoba 2003, siku kumi na mbili kabla ya giza. Alipokuwa akikata roho alimwita mkewe karibu, na sisi tuliokuwa chumbani tulidhani anataka padri, lakini alisema, "Otti, nilikuwa nahesabu Jumatano. Siku zote Jumatano." Marehemu alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio ambacho kilitutoa sote nje. Baadaye alimwambia mdogo wake, "Miaka ishirini na mitano, Rosi. Ningelala siku sita kwa juma."

Usukani wa mashua ulishikwa na Severin Höll, mwana wa msomaji, ambaye ni kijana mwenye huruma kuliko kiapo, na majira ya giza ya kwanza alimwendea marehemu akamwambia, "Mama mkubwa, mimi nitakwambia siku zangu, upumzike." Alifukuzwa jikoni kwa mwiko. "Ukiniambia nitazembea siku nyingine," alimwambia, "na siku moja utaugua wewe, watamtuma mtu nisiyemjua, na nitakuwa nimelala. Hesabu unavyotaka, ila usiniambie siku." Severin alihesabu, aliandika kumi, alitia sahihi, mara tatu kila mwaka, na mama yake hakupenda kuiona sahihi ile.

Tarehe 8 Oktoba 2016 dada hawa wawili waligombana, na kwa kuwa ugomvi huo ulidumu hadi Krismasi unastahili kuingia kwenye historia. Ilikuwa Sonnleit, mezani, keki ikiwa imekwisha katwa.

"Dada, hamia kwangu. Chumba kipo, jua linaingia mpaka kitandani."

"Jua lenu linanitoa machozi."

"Unawasha moto kwa ajili ya kuta! Kijiji kimekwisha, watu wako wapi?"

"Watu ni mimi, Florian na Zita. Unataka tuwe wangapi ndipo turuhusiwe kuugua na daktari afike?"

Januari iliyofuata mdogo wake aliyaonea aibu maneno yake, kwa sababu Mzee Florian Binder, aliyeketi pale mbele na fimbo yake, moyo wake ulisimama na kuanza tena, na mashua ilimfikisha daktari kwake kwa dakika arobaini. Bila dohani kumi Florian asingekuwa hapa akitikisa kichwa. Ukweli huo nao usomwe, maana msomaji hakuja kumfanya dada yake mjinga.

Tarehe 3 Desemba 2022, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, marehemu aliteleza kwenye ngazi kati ya nyumba ya nne na ya tano, akavunjika nyonga, akalala thelujini mpaka Zita alipomwona, na jambo la kwanza alilomwambia Zita halikuwa kwamba ameumia, lilikuwa, "Makaa yamemwagika, chukua mengine kwangu, zimebaki tatu." Zita alimfunika kwa koti lake, akampigia Severin simu, na walipokwisha kumlaza mashuani alipanda akawasha zile tatu. Marehemu alilazwa hospitali hadi tarehe 23 Desemba, alifanyiwa upasuaji, alipata homa ya mapafu, na aliomba kurudishwa nyumbani kwa namna ambayo wauguzi waliona ni afadhali kumrudisha. Kuanzia siku hiyo mdogo wake alihamia namba 9, akawa analala kwenye kitanda kile cha dirishani.

Jumapili, tarehe 15 Januari, marehemu alikuwa na nguvu kidogo, alikula supu vijiko sita, kisha akatoa maagizo. Alitaka azikwe na viatu vyake vya ngazi, na vimo. Alitaka asiimbiwe wimbo wowote mrefu. Halafu akasema, "Rosi, ukinisomea, soma tarehe zote. Habari ya moshi iache."

"Kwa nini niiache?"

"Zita anazijua nyumba zote sasa, hata lile jiko la namba 21 linalogoma. Ameniahidi. Ni msichana mzuri."

Alilisema kwa furaha, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyeuza ng'ombe kwa mtu mwema. Mdogo wake alimwekea mto vizuri, hakujibu kitu, na marehemu aliuchukua ukimya ule kuwa ni ndiyo, kama alivyozoea kuuchukua tangu wakiwa watoto.

Marehemu Ottilie Kienast alifariki dunia Jumanne, tarehe 17 Januari 2023, saa moja na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja, na mdogo wake alimfumba macho, akafungua dirisha kama ilivyo desturi yetu ili roho ipate njia. Nje kulikuwa na mwanga ule wa kijivu mnaoujua. Zita alikuwa akishuka ngazi na kuni mgongoni na ndoo mkono wa kulia, asubuhi yake ya arobaini na tano, na ana miaka thelathini na sita, lakini bega lake la kulia lilikuwa limeshuka, na alisimama kwenye kila kituo akashika ukuta, akakohoa, akaendelea. Aliinua macho akaona dirisha limefunguliwa, na hakufahamu maana yake, kwa sababu kwao desturi hiyo haipo, akapunga mkono akiwa amefurahi.

"Zimebaki mbili tu, shangazi! Mwambie Otti asihangaike!"

Ni hapo msomaji alipoamua kuisoma habari ya moshi. Hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa amechoka, na aliona kwamba mzigo umeshuka mgongoni kwa dada yake dakika tano zilizopita, na tayari una mgongo mwingine.

Familia inamshukuru Dk. Irmgard Pesendorfer, aliyevuka mara kumi na moja katika siku hizi za mwisho, na madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya kwa uvumilivu wao, maana mgonjwa wao aliwafundisha kazi. Inawashukuru wenzake wa jikoni la mgodini, majirani wa Schattnach wa sasa na wa zamani, wale waliomwachia funguo, na watu wa Sonnleit kwa jeneza na maua. Inawashukuru pia makarani wa ofisi ya wilaya, ambao kwa miaka arobaini na minne walipokea karatasi yenye sahihi tatu na neno kumi, kutoka kijiji ambacho mtoto wa mwisho alibatizwa mwaka 1994, na hawakuuliza. Kulikuwa na hisani katika kutouliza kwenu, na tuliiona.

Yaliyoandikwa yameishia hapo, na mtaniruhusu niiweke karatasi chini nizungumze kama mimi Rosina.

Bwana Achleitner, unayeiwakilisha wilaya pale benchi la pili, umesikia. Nyumba zenye watu ni mbili, ya Florian na ya Zita. Andika mbili. Severin, mwanangu, hujanitazama tangu jana usiku nilipokueleza, na una haki, kazi ni yako na mama ni wako, na sina cha kukupa badala yake, naomba radhi mbele ya watu. Florian, acha kutikisa kichwa. Chumba nilichomtengea dada yangu kipo, kitanda kimetandikwa, na daktari anakaa mtaa wa pili, na ukitaka kulalamika kuhusu jua tutalalamika wote wawili. Najua nimefanya nini. Otti alikibeba kijiji hiki miaka arobaini na minne, na mimi nimekiweka chini kwa dakika kumi, nikiwa nimeketi. Atanisimanga siku nitakapomfuata, na nitamsikiliza mpaka amalize.

Zita, mwanangu, ahadi uliyompa umeitimiza, ulimpa majuma sita ya utulivu ambayo hakutegemea kuyapata, na leo asubuhi nilikuona umewasha zote saba kabla ya kuja msibani, na mikono yako sasa hivi umeificha chini ya koti. Itoe, usiionee haya. Kesho ndoo ibaki mlangoni, nawe lala mpaka uchoke kulala.

Na wewe dada yangu, Mungu akupe amani, pumzika, usiamke mapema.